Nusu ya Uso wa Deo

Enzi zetu intaneti ilikuwa na sauti, na kwetu Ngara sauti hiyo ilitisha kidogo. Kwanza ulisikia mlio mrefu wa laini ya simu, halafu namba zikajipiga zenyewe haraka haraka, halafu kimya, kisha miluzi na mikwaruzo, utadhani redio imeangukia ndani ya mashine ya kusaga. Mbuzi wa jirani waliacha kula. Sisi tuliokuwemo chumbani tulibana pumzi, kwa sababu kelele zile zikiisha na taa ya kijani ikabaki inawaka, tulikuwa tumefika. Zikiisha na taa ikazima, tulianza upya.

Wanafunzi wangu hapa Nyantakara hawaamini. Nikiwaambia kwamba kulikuwa na wakati watu walikaa Jumapili nzima wakisubiri picha moja, wananitazama kwa huruma, kama vile nimewasimulia ugonjwa. Wao mtandao ukisuasua kwa muda wa kumeza mate tu, wanaanza kulalamika kwamba maisha ni magumu. Mmoja aliniuliza, "Sasa madam, mlikuwa mnapost nini?" Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Hatukupost kitu. Tulikuwa tunamtafuta mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa kaka yangu, Deo. Mama alifariki nikiwa mdogo mno, hata sura yake naijua kwa picha ya ubatizo wangu tu, amenipakata huku anatazama pembeni. Deo alinizidi umri kiasi cha kuweza kunibeba mgongoni, na ndiye aliyenilea, kwa kadiri mvulana anavyoweza kulea. Alinifunga vifungo vya sare nikiwa bado nasinzia. Alinipulizia uji upoe. Mvua ikitukuta njiani alinivua viatu na kuviingiza ndani ya shati lake, akaniambia miguu hukauka yenyewe.

Nakumbuka hasa mchezo wetu wa kuteleza. Ndizi zikishakatwa shambani, tulichukua kipande cha shina la mgomba, kibichi, kinachotiririka maji, tukakiburuta mpaka juu ya mteremko nyuma ya nyumba, tukakikalia na kujiachia. Deo alikaa mbele kila mara ili miba na mawe yaanze na yeye. Mimi nilimkumbatia kiunoni na kufumba macho. Tulifika chini tumepakaa utomvu ambao hautoki kwenye nguo hata ufue namna gani. Bibi alitutupia jicho mara moja akajua tulikotoka. "Leo hamli," alisema, kisha akatupakulia ndizi na maharage mpaka sahani zikafurika.

Bibi huyo ni mama yake Baba. Alitoka Mbuba kuja kukaa nasi mjini Mama alipofariki, akaacha shamba lake la kahawa mikononi mwa ndugu, na hakuacha kutukumbusha. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kingine chote kilikuwa Kihangaza. Baba alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la wageni, miaka ile ya wakimbizi, wakati barabara zetu zilijaa magari meupe yenye antena ndefu. Basi tulikuwa wanne katika nyumba ile, na kwangu ilikuwa imejaa.

Deo alipomaliza seminari, mapadre walimtafutia nafasi ya kusoma nje, nchi ya baridi, mbali. Siku ya kuondoka jumuiya nzima ilikuja kumsindikiza. Waliimba, wakamwombea, wakamfungia ndizi za kuchoma kama vile anaishia Bukoba. Basi lilipoondoka kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mimi nilirudi kwenye chumba chenye vitanda viwili, kimoja kimetandikwa vizuri mno.

Upweke wa mtoto hauonekani kirahisi, maana mtoto haachi kucheza. Nilicheza rede, nilicheza kombolela mpaka giza likaingia. Lakini nikirudi nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniuliza nani kashinda. Siku moja nilikokota kipande cha mgomba peke yangu mpaka juu ya mteremko, nikakikalia, nikaona hakuna mgongo mbele yangu. Nilikiacha pale pale nikashuka kwa miguu. Sikurudia tena mchezo ule, na hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini.

Barua zake zilikuja kupitia parokiani, chache, na zote zilisema jambo lile lile: yeye ni mzima wa afya, masomo yanaendelea vizuri, tusiwe na wasiwasi. Kupiga simu nje siku hizo lilikuwa jambo la msiba tu. Baba alizisoma barua kwa sauti baada ya chakula. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaomba zirudiwe, kisha akasema maneno yake yale yale: "Hizi zinafanana mno. Mimi nataka kuona macho yake."

Ndivyo alivyotulea. Hakuwahi kumuuliza mtoto kama anaumwa. Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, akatazama, na hapo alijua kama ni homa, au njaa, au umechapwa shuleni na unaficha. Nilijaribu kumdanganya mara nyingi na sikufaulu hata mara moja. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu, tukilala nalo na kuamka nalo: Deo ni mzima kweli?

Ndipo ikaja kompyuta. Shirika lilifunga kazi zake, wageni wakaondoka na magari yao, na Baba akarudi nyumbani bila kazi lakini na zawadi ya kuagwa: kompyuta iliyotumika, pamoja na jenereta dogo lenye kikohozi. Kompyuta za siku hizo, rika langu mnakumbuka, zilikuwa na kibiongo. Ilibebwa na wanaume wawili, ikawekwa mezani chumbani kwa Baba, na siku hiyo hiyo Bibi akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, kama alivyofunika redio, jagi la maji na makochi yote. Kitu chochote cha thamani kwetu kilivaa kitambaa. Baba alikitoa, Bibi akakirudisha, mpaka wakakubaliana kwamba kitambaa kitaondolewa mashine ikiwa kazini tu.

Simu tulikuwa nayo tangu zamani kwa sababu ya kazi ya Baba, ile ya mezani, nayo ilikaa sebuleni. Usidhani ilikuwa yetu. Ilikuwa simu ya mteremko mzima. Mwenye mtoto Mwanza, mwenye mgonjwa hospitali ya rufaa, mwenye mchumba jeshini, wote walitoa namba yetu. Mchana mlinzi wake alikuwa Bibi. Ikilia aliacha ndizi anazomenya, akajifuta mikono, akainua mkonga na kusema, "Haro! Amahoro!", salamu ya kwao ya kutakiana amani. Kwake yeye mtu akiita anaitikiwa, awe mlangoni au kwenye waya, na kumwacha bila jibu ni utovu wa adabu usiosameheka. Kisha aliuliza habari za nyumbani, za wagonjwa, za mvua, za ng'ombe, na aliyepiga kutoka mbali alilazimika kuyamaliza hayo yote ndipo aseme shida yake. Baada ya hapo mimi nilitumwa mbio kumwita anayetakiwa. Vichochoro vyote vya upande ule nilivijua kwa kazi hiyo.

Rafiki yake Baba aliyekuwa Mwanza alimtafutia huduma ya intaneti: namba ya kupiga, jina, na neno la siri. Kifaa cha kuunganisha kilikuwa kikasha cheusi chenye taa mbele. Maelezo yake yalikuwa kwenye kijitabu cha Kiingereza, na Baba alikisoma akiwa na kamusi pembeni, miwani imemshuka puani, kama anayejiandaa na mtihani wa taifa. Nadhani kilimsaidia. Mtu aliyezoea kuamkia ghalani akiachwa na asubuhi tupu huhitaji kitu cha kumshughulisha.

Waya wa simu aliugawa: tawi moja likabaki sebuleni kwenye simu, jingine likapita ukutani mpaka chumbani kwenye kikasha. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kumpa bisibisi. Kijitabu kilisisitiza jambo moja kuliko yote. Kikasha kikiwa kazini, mtu yeyote asiinue mkonga wa simu, maana laini ni moja, na ikiguswa tu mawasiliano yanakatika. Baba alimweleza Bibi kwa heshima zote. Bibi alisikiliza na kuitikia kwa kichwa.

Jumapili ya kwanza, baada ya Misa, Baba aliwasha jenereta akabonyeza. Kikasha kikapiga namba, kikaanza kulia. Mara ndani yake ikatoka sauti ya mwanamume, imetulia kabisa.

"Haloo, asalaam alaykum. Haloo? Nani mwenzangu? Mbona unalia hivyo, sema shida yako."

Tukatazamana. Kumbe Baba alikosea tarakimu, na mtambo ulikuwa umepiga kwenye duka la nguo Biharamulo mjini, kwa Bwana Salimu, mzee wa familia moja ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani. Mtambo haujui aibu. Kabla Baba hajagundua kosa ulimpigia tena na tena, na yule mzee hakukata hata mara moja, maana alidhani ni mtu aliyefiwa. Mwishowe Baba alikimbilia sebuleni, akainua mkonga, akaomba radhi na kumweleza habari nzima ya Deo. Walizungumza mpaka jenereta likaishiwa mafuta. Tangu siku hiyo Bwana Salimu akawa anapiga mwenyewe kutuuliza, "Vipi, mtambo wenu umeshakamata?" Ndiye mtu wa kwanza tuliyempata kwenye intaneti.

Baba aliporekebisha namba ikawa zamu ya Bibi. Kikasha kilipoanza kulia chumbani, yeye akiwa jikoni alisikia mtu anateseka. Haikupita dakika tukasikia sebuleni, "Haro! Amahoro! Ni nani?" na taa zote zikazima. Baba alitoka akijizuia.

"Mama, nilikuomba usiiguse."

"Nilikusikia, mwanangu. Lakini mtu analia kwenye waya na nyinyi mmekaa mnamtazama."

"Siyo mtu, Mama. Ni mashine inaongea na mashine."

"Na Deo yuko wapi hapo?"

"Yuko upande wa pili."

"Basi ndiye anayelia," alisema Bibi, akarudi kwenye ndizi zake.

Baba alirudi chumbani, akaketi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kompyuta. Tangu Deo aondoke sikuwa nimemsikia akicheka namna hiyo.

Basi msimu ule wa mvua ulikwenda kwa mtindo huo. Wiki hii laini ina mikwaruzo kwa sababu nguzo imelowa. Wiki ijayo tumekaribia kufika, mara jirani anagonga, anasubiri simu ya binti yake aliyekaribia kujifungua, na Baba anazima kila kitu kwa adabu, kwa sababu simu ni ya watu. Siku nyingine kila kitu kiko sawa, Bibi anasikia kilio, anasahau, anaitikia. Lakini taratibu Baba akaanza kushinda. Alifaulu kutuma maneno machache: Bibi anataka picha yako. Jumapili iliyofuata tulikuta jibu. Deo alisema tusiwe na wasiwasi, na kwamba picha ameiambatanisha.

Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka. Akaletewa kiti mbele ya kioo cha kompyuta. Ilikuwa mchana, joto la kabla ya mvua, mawingu yamejikusanya upande wa Burundi. Kikasha kililia, Bibi akashikilia kiti kwa mikono miwili asiinuke, na taa ya kijani ikabaki inawaka. Baba akabonyeza picha.

Vijana wanaofungua picha mia moja wakiwa wamelala hawawezi kujua ilivyokuwa. Picha ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Kwanza ikatoka mbingu ya kijivu, na kwa muda mrefu tukawa tunatazama mbingu tu. "Wana mvua huko," alisema Bibi, "ni vizuri." Kisha likaja paa la nyumba, jeupe lote kwa theluji. Kisha ikaja kofia ya sufu, nyekundu. Kofia ikashuka, likaonekana paji la uso, na juu ya nyusi lile kovu dogo la jiwe la mteremkoni, alilolipata akiwa amekaa mbele yangu. Nikapiga kelele, "Ni yeye!" Zikaja nyusi. Yakaja macho.

Bibi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alitazama kama alivyotutazama sisi kwenye mwanga wa mlango, bila haraka. Halafu akasimama akatoka. Tulidhani amekwenda kulia pembeni. Baba na mimi tulikuwa tumeikodolea picha, tukisubiri pua.

Tukasikia sebuleni sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ya kumbembeleza mtoto mchanga.

"Deo. Deo, mwanangu. Amahoro. Nakusikia. Nipo."

Picha ikasimama pale pale, chini kidogo ya macho. Taa za kikasha zikazima.

Baba aliruka kwenda sebuleni, nami nyuma yake. Bibi alikuwa bado ameshika mkonga sikioni.

"Mama! Umeikata!"

"Mtoto yule ni mpweke," alisema Bibi. "Upweke umemkaa machoni. Ningemwachaje bila kumwitikia?"

Baba akaketi kwenye kochi, akashika kichwa. Mimi nilikaa sakafuni nikaanza kulia, sijui kwa sababu ya picha au kwa sababu ya maneno yale. Mpaka wakati huo nilidhani mpweke alikuwa mimi peke yangu. Nilidhani mwenzangu huko aliko amejaa marafiki na theluji na vitu vizuri.

Hatukujua namna ya kuihifadhi picha, kwa hiyo Baba aliacha mashine inawaka ili wenye kutaka kumwona Deo waje upesi. Walikuja. Mama Leokadia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alisimama mbele ya kioo akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Deo," na sisi tukamwitikia kwa niaba ya Deo, "Milele, amina." Alipoulizwa kama ni Deo kweli alitafakari kidogo. "Mpaka hapo ni yeye," alisema. "Chini ya hapo siwezi kuapa." Watu walicheka, hata Baba. Bibi peke yake hakucheka.

Jioni ile mvua ilishuka na radi zake, na moja ikapiga laini ya simu. Kikasha kilitoa moshi mwembamba wa kunuka. Simu ya sebuleni ikafa, na simu zote za upande wetu zikafa nayo. Jenereta likakohoa mara ya mwisho, na macho ya Deo yakapotea. Mafundi walisema watakuja.

Bibi hakuisikia simu ile ikilia tena. Mvua hazijaisha kifua kilimbana, na hakukaa kitandani muda mrefu. Karibu na mwisho aliniita akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mlango, akanitazama. Hakusema alichokiona. Alisema tu, "Mwitikie kaka yako." Tulimzika Mbuba, kando ya kahawa zake.

Ilibidi Deo aambiwe, na Ngara nzima laini zilikuwa bado zimelala. Baba alinichukua tukapanda basi mpaka Biharamulo, tukipita lile pori ambalo abiria wote hunyamaza kwa kuogopa majambazi. Bwana Salimu tulikuwa hatujawahi kumwona. Tulimkuta nyuma ya majora ya vitambaa, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe. Baba alisema tu, "Shikamoo, mzee," na yeye akainua kichwa.

"Marahaba. Wewe ni mtambo wa Ngara."

Alipotazama nyuso zetu hakuuliza zaidi. Alifunga milango ya duka mchana kweupe, akatusogezea simu, akaenda kukaa barazani kuwazuia wateja. Baba alipiga namba ya bweni la Deo. Aliposema neno lenyewe akashindwa kuendelea, akanipa mkonga.

Nilikuwa mtoto. Nilimuuliza kile ambacho Bibi angemuuliza. "Kaka, una upweke?"

Nilisikia akivuta pumzi.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Mimi ni mzima wa afya. Masomo yanaendelea vizuri. Usiwe na wasiwasi."

Hiyo ni zamani. Deo hakuwa padre na hakurudi kuishi. Alipata kazi huko, akaoa huko, akaja mara chache, mara ya mwisho kumzika Baba, naye tulimlaza Mbuba karibu na mama yake. Nyumba ya Ngara wanakaa watu wengine, na simu ya mezani ilishang'olewa. Mimi nilipangiwa kufundisha huku, nikabaki. Siku moja nikiwa Biharamulo mjini nililitafuta duka la Bwana Salimu. Panauzwa makasha ya simu za mkononi, na kijana aliyekuwepo, masikio yamezibwa na vile vijiwaya vyao, hakuwahi kulisikia jina hilo. Nilinunua kasha ambalo sikulihitaji nikaondoka.

Sasa mnara wa simu nauona kutoka mlango wa jiko langu. Intaneti haina sauti tena, haiombi mtu abane pumzi. Tuna grupu la familia, ndugu wa Mbuba, binamu wa Mwanza, watoto wa Deo ambao Kiswahili hawakijui. Kila asubuhi kuna maua na maneno ya kutakiana siku njema, na hakuna anayeitikia kwa neno, ni vidole gumba tu vimepangana. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari naketi na simu. Jina la Deo liko pale, na chini yake maandishi madogo yanasema yuko hewani. Mimi nami niko hewani. Tunakaa hewani wote wawili mpaka chai yangu inapoa, na hakuna anayemwita mwenzake. Zamani tulihangaika mvua nzima kumfikia mtu, na sasa mtu amefika, tunamtazama tu.

Juzi Deo aliweka picha kwenye grupu. Alisema ameikuta akipanga vitu vyake vya zamani. Mbingu ya kijivu, paa jeupe, kofia nyekundu. Ilifunguka yote kwa mara moja, kabla sijajiandaa. Chini ya macho palikuwa na pua, na chini ya pua palikuwa na kicheko, mdomo umefunguka wote, meno yote nje, mkono umemzunguka mwenzake begani. Kijana mwenye furaha kuliko wote duniani. Mara mioyo myekundu ikaanza kumiminika, na mpwa wetu mmoja akaandika, "Enzi hizo ulikuwa unakula bata, mjomba."

Nilikaa nayo muda mrefu. Kumbe ingefika nzima siku ile, tungeona kicheko, Baba na mimi, na tungepiga makofi. Tungemwambia Bibi, si unaona, mtoto anacheka. Nikaweka kiganja juu ya kioo, nikaufunika mdomo, yakabaki macho. Nimewatazama watoto wengi darasani tangu wakati huo, na safari hii sikuhitaji kuambiwa kilichokaa machoni mle.

Nikabonyeza alama ya kupiga, ile ya kuonana uso kwa uso. Ikaita. Ikaita sana, na nusura nikate.

Ikapokelewa. Kaka yangu sasa ana mvi, na simu anaishika kama watu wa umri wake wanavyoishika. Kioo kilijaa paji la uso, lile kovu, nyusi, na macho. Chini ya hapo hapakuwa na kitu.

"Haloo?" alisema kwa hofu. "Kuna nini? Nani kafariki?"

"Hakuna msiba," nikasema. "Nimekuita tu. Amahoro."

Macho yale yakanitazama kutoka huko aliko, kisha yakaanza kulowa.

"Ngoja," alisema, "ngoja niiweke sawa hii simu, naona hunioni vizuri."

"Iache hapo hapo, kaka," nikamwambia. "Nakuona. Nipo."